Kumbukumbu za mbunge wa Ulaya: zinasema nini, zinanyamaza wapi

Tarehe 26 Machi 2019, mjini Strasbourg, Bunge la Ulaya lilifanya uamuzi mkubwa kwa tofauti ya kura tano. Muswada uliokuwa mezani ulihusu hakimiliki mtandaoni, na ulikuwa umewatoa maelfu ya watu barabarani, hasa Ujerumani. Kabla ya kuupitisha au kuutupa, wabunge waliulizwa swali la utaratibu: tupigie kura marekebisho ya kifungu kimoja kimoja, au tuuchukue mzima kama ulivyo? Waliotaka marekebisho yapigiwe kura walikuwa 312, waliokataa 317. Muswada ukapita mzimamzima kwa kura 348 dhidi ya 274, huku 36 wakikataa kuegemea upande wowote.

Orodha ya majina ilipotoka, zaidi ya wabunge kumi walijitokeza kusema kwamba walibonyeza kitufe siyo. Baadhi walidai walichanganywa na mpangilio wa kura siku hiyo. Ukihesabu upya kwa kufuata walichosema walikusudia, matokeo ya ile kura ya utaratibu yanageuka. Lakini hayakugeuka. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kusahihisha kura yake baada ya kikao: sahihisho linaandikwa na linabaki kwenye kumbukumbu, ila matokeo yaliyotangazwa hayaguswi. Ndiyo maana ukimtafuta leo mmoja wa wabunge hao utamkuta katika sehemu mbili, kama alivyopiga kura na kama alivyosema alitaka kupiga. Ipi ni rekodi yake? Zote mbili. Na mpiga kura wake ana haki ya kujiuliza kama yule mtu alikosea kweli, au alishtushwa na simu za usiku ule kutoka nyumbani.

Watu wengi huuliza kuhusu uwazi wa mbunge kana kwamba ni swali la ndiyo au hapana. Bunge la Ulaya linaandika mambo mengi mno, pengine kuliko mabunge mengi duniani. Tatizo ni mahali wino unapokolea. Umekolea ukumbini, mbele ya kamera. Kadiri unavyosogelea chumba cha mapatano, na baadaye mfuko wa pesa, unafifia.

Tuanze ukumbini. Bunge hili lina wabunge 720 kutoka nchi 27, waliochaguliwa Juni 2024 kwa miaka mitano. Wanakutana Strasbourg kwa vikao vikubwa 12 kwa mwaka, na kazi za kamati hufanyika Brussels. Hawaketi kwa nchi zao. Wanaketi kwa makundi ya kisiasa, ambayo kwa sasa ni manane, kuanzia mrengo wa kushoto hadi wa kulia kabisa. Hilo ni jambo la kwanza la kuzingatia unapomsoma mbunge wa kule: chama chake cha nyumbani kinakwambia kitu kimoja, kundi lake linakwambia kingine, na mara nyingi habari iko pale viwili hivyo vinapogongana.

Kura zenyewe ni za aina tatu, na tofauti kati yake ndiyo inayoamua kama utaweza kumfuatilia mtu au hutaweza. Kuna kura ya kunyoosha mikono, ambapo spika anatazama ukumbi na kutangaza upande ulioshinda. Hapo jina la mtu haliandikwi. Kuna kura ya majina, ambapo kila mbunge anatumia kadi yake kwenye kifaa kilicho mezani, anabonyeza, na jina lake linaingia kwenye orodha. Kura ya mwisho ya sheria yoyote lazima iwe ya namna hii. Katika mambo mengine inategemea kama kuna kundi, au idadi ya kutosha ya wabunge, walioomba majina yaandikwe. Makundi hutumia ombi hilo kwa ujanja: kundi likitaka kuwaaibisha wapinzani juu ya kifungu fulani, linaomba kura ya majina hata kama linajua litashindwa. Kwa hiyo rekodi unayoisoma imekwisha chujwa na watu wenye nia zao.

Aina ya tatu ni kura ya siri, inayotumika kuchagua viongozi. Tarehe 18 Julai 2024 Ursula von der Leyen alichaguliwa tena kuongoza Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kwa kura 401, akihitaji 360. Nani alimpigia? Hakuna orodha popote. Kuna wabunge waliotangaza, kuna walionyamaza, na wapo bila shaka waliotangaza hivi wakapiga vile. Lakini Novemba 27 mwaka uleule, Tume nzima, yaani yeye pamoja na timu yake, ilipoidhinishwa kwa kura 370 dhidi ya 282, na 36 bila upande, majina yote yaliandikwa. Mtu yuleyule, Bunge lilelile, miezi minne tu kati yake. Mara ya kwanza mpiga kura amefumbwa macho, mara ya pili anaona kila kitu.

Chukua sasa kura inayotugusa. Tarehe 29 Februari 2024 Bunge liliridhia mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya, ule ulioanza kutumika Julai 1 mwaka huohuo, unaohusu maua, parachichi, chai na bidhaa nyingine zinazotoka Kenya kwenda Ulaya. Walioafiki walikuwa 366, waliopinga 86, na 56 hawakuegemea upande. Fungua orodha ya majina ya kura hiyo utakuta imepangwa kwa alama tatu: kujumlisha kwa ndiyo, kutoa kwa hapana, na sifuri kwa wasioegemea upande. Chini ya kila alama kuna vifupisho vya makundi, kisha majina ya ukoo yametengwa kwa mkato, mstari baada ya mstari. Haivutii hata kidogo, lakini kila kitu kipo.

Jumlisha hizo namba. Utapata 508. Wakati huo Bunge lilikuwa na viti 705. Karibu watu mia mbili hawamo popote kwenye orodha hiyo, kwa sababu asiyepiga kura haandikwi. Huwezi kujua kwa kuitazama orodha kama alikuwa mgonjwa, alikuwa safarini kwa kazi ya Bunge, alikuwa na likizo ya uzazi, au alikuwa kwenye mkahawa wa ghorofa ya chini akisubiri kura ngumu ipite ili asiulizwe. Kwa mbunge mwenye wakulima jimboni wanaochukia ushindani na wafanyabiashara wanaoutaka, kutoonekana nako ni msimamo.

Pengine msomaji wa Uganda au Tanzania atakumbuka zaidi azimio la Septemba 15, 2022 kuhusu bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lile lililozua maneno makali Kampala. Hapa ndipo watu hupotea sana. Azimio la namna ile si sheria. Halimfungi mtu yeyote, si Tume, si serikali za Ulaya, wala kampuni. Hupitishwa siku ya Alhamisi mwishoni mwa wiki ya Strasbourg, ukumbi ukiwa umepungua watu, masanduku mengine yakiwa yameshafungwa. Mbunge anaweza kujaza ukurasa wake kwa maazimio ya haki za binadamu duniani kote bila kugharamika chochote kwa wapiga kura wake. Linganisha na sheria ya bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, iliyopita Aprili 19, 2023 kwa kura 552 dhidi ya 44. Ile inamgusa mkulima wa kahawa wa Mbinga au Mbale moja kwa moja, kwa sababu anayeingiza kahawa yake Ulaya atatakiwa kuonyesha shamba lilipo. Ukitaka kujua mbunge anawafikiriaje watu wa huku kwetu, tazama kura za sheria kwanza, maazimio baadaye.

Mahudhurio ni habari ya posho, na hapa msomaji wetu hahitaji kufundishwa. Mbunge wa Ulaya, mbali na mshahara wa zaidi ya euro 10,000 kwa mwezi kabla ya kodi, anapata posho ya takriban euro 350 kwa kila siku ya kazi ya Bunge, mradi asaini daftari. Zamani kusaini kulitosha, na palikuwa na tabia ya kusaini asubuhi na begi likiwa mkononi. Siku hizi, siku za kura, anayekosa zaidi ya nusu ya kura za majina hukatwa nusu ya posho. Matokeo yake, asilimia za ushiriki kwenye kura za wabunge wengi zinapendeza macho. Kinachopimwa ni kidole kwenye kitufe.

Kamati ndizo zinazofichua zaidi. Nigel Farage wa Uingereza, aliyekaa Bungeni humo tangu 1999 hadi nchi yake ilipojitoa mwaka 2020, alikuwa mjumbe wa kamati ya uvuvi kwa miaka mitatu hivi. Shirika la Greenpeace lilihesabu vikao 42 katika kipindi hicho, naye alionekana kwenye kimoja. Nyumbani alikuwa akizungumza juu ya wavuvi wa Uingereza kila alipopata kipaza sauti. Hesabu kama ile mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kusoma kumbukumbu za vikao, na ni ajabu jinsi waandishi wa habari wachache wanavyojisumbua.

Ila nisingependa msomaji aondoke akidhani wingi wa namba ni sifa. Kumekuwa na tovuti zinazowapanga wabunge kwa idadi ya maswali, hotuba na maelezo ya kura, na wabunge walijifunza upesi. Maelezo ya kura yanaweza kuandikwa tu, sentensi mbili za kueleza kwa nini ulipiga ndiyo, na msaidizi wa ofisini anaweza kuyatoa kwa mamia. Maswali ya maandishi kwa Tume ilibidi yawekewe kikomo, 20 kwa miezi mitatu. Mbunge anayeshika nafasi ya juu kwenye jedwali kama hilo huenda ni mchapakazi. Huenda pia ana msaidizi mmoja kijana mwenye bidii ya kunakili.

Kazi inayobadilisha sheria hufanywa na watu wachache. Kwa kila muswada kamati humteua mbunge mmoja kuwa mwandishi wa ripoti, na kila kundi lililobaki huweka mwandishi kivuli wa kumchunga. Hao ndio wanaoandika marekebisho, wanaopatana juu ya maneno, na wanaotumwa kukutana na serikali za nchi wanachama na Tume katika yale mazungumzo ya pande tatu ambako sheria nyingi hupikwa. Mazungumzo hayo hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Wajumbe huwa na jedwali la safu nne: pendekezo la Tume, msimamo wa Bunge, msimamo wa serikali, na safu ya nne yenye mapatano. Hiyo ya nne ndiyo yenye utamu, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikinyimwa wananchi. Emilio De Capitani, aliyewahi kuwa mtumishi wa Bunge hilohilo, alikwenda mahakamani kuidai, na Machi 22, 2018 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikampa haki. Hata hivyo, anayetaka jedwali hilo mapema, kabla mambo hayajaiva, mara nyingi bado hulazimika kuliomba. Kwa hiyo mbunge anaweza kuachia kifungu muhimu ndani ya chumba kile, kisha akaja ukumbini kupiga kura ya ndiyo kwa sheria nzima, na rekodi yake ikaonyesha ushindi.

Je, nani aliongea naye kabla ya kuingia chumbani? Brussels ina washawishi waliosajiliwa kwenye Rejista ya Uwazi zaidi ya 12,000, kuanzia makampuni ya dawa na teknolojia hadi vyama vya wakulima na mashirika ya mazingira. Januari 31, 2019 Bunge lilipigia kura kanuni ya kuwalazimisha waandishi wa ripoti, waandishi vivuli na wenyeviti wa kamati kutangaza mikutano yao na watu hao. Kundi kubwa kuliko yote, la wahafidhina wa EPP, liliomba kura hiyo iwe ya siri. Ndiyo, kura juu ya uwazi, ikapigwa kwa siri! Kanuni ilipita kwa kura 380, nne tu juu ya kiwango kilichohitajika, na mpaka leo wananchi hawana orodha ya kuwaonyesha mbunge wao alikaa upande gani.

Kanuni ile iliwaacha wabunge wa kawaida nje, nao wengi wakakaa kimya hadi Desemba 2022. Tarehe 9 mwezi huo polisi wa Ubelgiji walivamia nyumba kadhaa Brussels katika uchunguzi wa rushwa ulioitaja Qatar, na baadaye Morocco. Walikuta fedha taslimu takriban euro milioni 1.5. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo mbunge wa zamani wa Italia, Pier Antonio Panzeri, na Eva Kaili wa Ugiriki, aliyekuwa mmoja wa makamu wa spika. Siku nne baadaye Bunge lilimvua umakamu kwa kura 625, mmoja akipinga na wawili wakikaa kando. Kaili anakana kosa lolote, na nchi zilizotajwa nazo zinakana.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni kwamba kumbukumbu za ukumbini zilikuwa kamili. Tarehe 21 Novemba 2022, kabla ya kukamatwa, Kaili alisimama katika mjadala kuhusu Kombe la Dunia akaisifu Qatar kwa mageuzi ya haki za wafanyakazi. Video ipo, maandishi yapo, saa na dakika zipo. Hotuba ya mtu anayeamini asemacho na hotuba ya mtu aliyelipwa huandikwa kwa herufi zilezile. Kumbukumbu ingeweza kumshtua msomaji makini, lakini isingeweza kumjibu.

Baada ya hapo, Septemba 2023, kanuni zilikazwa, zikaanza kutumika Novemba mwaka huo. Sasa kila mbunge, si waandishi wa ripoti peke yao, anatakiwa kutangaza mikutano na washawishi na wawakilishi wa nchi za nje inayohusu kazi za Bunge. Kipato cha nje kinachozidi euro 5,000 kwa mwaka lazima kitajwe pamoja na anayekitoa. Mbunge wa zamani anakaa miezi sita bila ruhusa ya kuwashawishi wenzake. Na kuna tamko la mali, mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Wasomaji wa Tanzania na Kenya, waliozoea kusikia kuhusu fomu za mali za viongozi ambazo raia wa kawaida hawazioni kirahisi, watatabasamu: tamko la mali la mbunge wa Ulaya nalo halipandishwi kwenye ukurasa wake. Linapelekwa kwa spika na kubaki huko.

Ukurasa wa mikutano una kasoro yake pia. Unaandika tarehe, mahali, na waliokutana, pengine na mada kwa maneno matatu. Kilichosemwa hakimo. Mbunge mwenye mikutano 300 anaonekana mtumwa wa makampuni, na mwenye mitatu anaonekana mtakatifu, wakati huenda wa kwanza anaandika kila kitu na wa pili haandiki. Mimi humwamini zaidi mwenye orodha ndefu iliyochanganyika, kampuni hapa, chama cha wafanyakazi pale, kuliko mwenye ukurasa mweupe halafu ni mwandishi wa ripoti ya sheria ya mabilioni.

Pesa ndizo zenye ukungu mzito kabisa. Mishahara ya wasaidizi wa mbunge hulipwa kwa fedha za Bunge na majina yao huwekwa hadharani, lakini orodha haionyeshi mtu anashinda wapi mchana. Kesi ya Marine Le Pen, mbunge wa Ulaya kati ya 2004 na 2017, ilihusu hasa hilo: watu waliolipwa na Bunge kama wasaidizi huku, kwa mujibu wa mahakama ya Paris, wakikifanyia kazi chama chake nchini Ufaransa. Machi 31, 2025 mahakama hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka minne, miwili kati yake ikisimamishwa, na kumzuia kugombea kwa miaka mitano. Alikana kosa na kukata rufaa. Ilichukua miaka mingi, wapelelezi na nyaraka za ndani kufika hapo. Raia mwenye kompyuta asingefika.

Kisha kuna posho ya ofisi, karibu euro 5,000 kila mwezi kwa kila mbunge, ya kodi ya ofisi nyumbani, simu, karatasi na mambo kama hayo. Haihitaji kupeleka risiti. Mwaka 2015 kundi la waandishi wa habari kutoka nchi zote wanachama liliomba nyaraka za matumizi ya posho za wabunge, likanyimwa, likashtaki. Septemba 25, 2018 mahakama ililikatalia, ikisema waandishi hawakuonyesha kwa kutosha kwa nini walihitaji data binafsi za wabunge, na kwamba kuhusu posho ya ofisi Bunge halikuwa na nyaraka za kila mbunge za kutoa, kwa kuwa fedha hizo hulipwa kwa kiwango kimoja bila risiti kudaiwa. Mwaka 2022 uongozi wa Bunge uliifanyia kanuni hiyo marekebisho, ukaacha kutangaza matumizi kuwe kwa hiari ya mbunge.

Neno hilo, hiari, linampa msomaji kazi rahisi kuliko zote nilizotaja. Kura zote za majina, mikutano, tamko la maslahi na majina ya wasaidizi vipo wazi kwa mtu yeyote aliye Lamu, Goma au Muscat, bila kujisajili. Haki ya kisheria ya kuomba nyaraka ambazo hazijachapishwa ni ya raia na wakazi wa Umoja wa Ulaya, hivyo binamu aliyeko Antwerp au Stuttgart anaweza kuomba kwa niaba yako na kutarajia jibu ndani ya siku 15 za kazi. Lakini kwa posho ya ofisi hakuna cha kuomba. Mfungue mbunge unayemfuatilia, utafute kama ameweka mwenyewe hesabu za mwaka au ripoti ya mkaguzi. Wapo walioweka. Wa kwako ukikuta hakuweka, barua pepe ya ofisi yake iko juu ya ukurasa huohuo.